Matunzo kwanza, mabishano nyuma

Bandugu vijana wa Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi, na ninyi wote wenye kutusoma mbali: leo hatutaongea kuhusu kura wala kuhusu umeme. Tunataka kuongea kuhusu siku zile zinapita kati ya saa mutu anaumia kazini na saa munganga anamugusa kwa kweli. Kwa wengine ni siku mbili. Kwa wengine ni wiki tatu. Katika siku hizo njo vijana wetu wanapoteza vidole, miguu na macho, na katika siku hizo hizo njo kampuni zinaokoa franga zao.

Tusikilizane vizuri. Ajali yenyewe siyo neno tunalalamikia hapa. Gari kubwa linarudi nyuma, jiwe linaanguka, asidi inaruka: kazi ya mugodi ni kazi ya hatari, na kila mutu mwenye anavaa kaske asubuhi anajua. Neno ni lile linafuata. Mutu ameumia, damu inatoka, na watu wazima waliosoma, wenye kukaa katika biro za klimatizeri, wanaanza kuulizana: huyu ni wa nani? Nani analipa? Wakati wanaulizana, hakuna mwenye anatibu.

Tuchukue habari moja yenye tuliifuata siye wenyewe, hatua kwa hatua. Hatutaji jina la kijana wala la kampuni, kwa sababu faili haijamalizika na yeye mwenyewe alituomba hivyo. Ni kijana wa miaka 27. Ana diplome ya chuo kikuu kama wengi wetu, na kama wengi wetu alizunguka na ile diplome miaka miwili katika bahasha ya plastiki, biro kwa biro, bila kupata kitu. Mwisho akakubali kubeba mizigo katika kampuni ndogo ya sutretansi, zile kampuni zenye zinapeleka watu kufanya kazi ndani ya mugodi wa kampuni kubwa. Kila asubuhi jina lake linaandikwa ku liste, jioni linafutwa. Kontra hakuna. Iko tu baji ya kuingilia mulangoni.

Usiku mumoja, mukono wake wa kuume ulibanwa kati ya mifuko mikubwa na ubao wa lori. Enfirmie wa hapo alimuosha, akafunga bandeji, akamupatia vidonge vya maumivu, akamuambia: "Enda ku nyumba, kesho utapita ku biro bakupatie boni." Boni ni ile karatasi yenye inaambia hospitali kwamba kampuni itabeba garama. Kesho yake biro ikasema chefu mwenye kusaini alisafiri Lubumbashi. Siku ya tatu wakasema lazima kwanza chefu wa ekipi aandike ripoti. Siku ya tano baji yake haikufungua tena mulango wa mugodi, kwa hiyo hata ile ripoti hakuweza kuifuata. Hospitali nayo iliomba kosio, ile franga unaweka mbele ya kuguswa, na mama yake hakuwa nayo. Wakaenda kwa muzee mwenye kunyoosha mifupa katika kartie. Nani atawalaumu? Siku ya kumi na moja homa ikapanda, mukono ukaanza kunuka, jamaa wakakopa franga kwa watu wa kanisa ili aingie hospitali. Waganga walifanya walichoweza. Vidole viwili vilikatwa.

Sasa sikia majibu yenye alipata alipoanza kudai. Kampuni ndogo: alikawia yeye mwenyewe, tena alienda kwa muzee wa kienyeji, kwa hiyo vile vidole haviko tena juu yetu. Kampuni kubwa: si mufanyakazi wetu, aende kwa mwenye alimuandika. CNSS: hatukupokea tangazo la ajali, na hilo jina haliko kwetu. Chukua kila jibu peke yake, unaweza karibu kulielewa. Weka yote matatu pamoja, utaona mutu amesimama katikati ya nyumba tatu zenye milango imefungwa, na kila nyumba inamuonyesha ile ingine kwa kidole.

Tunaomba kila musomaji atazame vizuri lile jibu la kwanza, kwa sababu humo njo iko siri ya jambo lote. Kampuni ilimukawiza kwa kumunyima boni. Nyuma yake, kule kukawia kumegeuka ushahidi juu yake. Kama alikuwa ameumia kweli, mbona alifika hospitali siku ya kumi na moja? Nani ataonyesha kwamba ile homa ilitoka kazini na haikutoka kwa muzee wa kartie? Hivi kila siku yenye inapita inamusaidia mwenye kukataa. Hahitaji kusema hapana hata mara moja. Inatosha aseme "subiri."

Lakini mwili haungojei muhuri. Mufupa wenye umevunjika unaanza kujishikisha wenyewe ndani ya wiki chache, hata kama umekaa vibaya. Ukishashika vibaya, munganga analazimika kuuvunja tena ili kuunyoosha, na garama inapanda mara mingi. Kama mufupa umevunjika na ngozi imefunguka, kidonda kinaomba kuoshwa vizuri na dawa za kuzuia vijidudu ndani ya masaa, hapana ndani ya siku. Asidi ikiingia mu jicho, na tunajua viwanda vyetu vya shaba na kobalti vinatumia asidi ya salfuriki mingi sana, jicho linaomba maji palepale, maji mingi, na munganga wa macho siku ile ile. Karatasi yenye kusainiwa siku ya saba haitarudisha jicho. Ndiyo maana kwetu siye kuchelewesha matunzo ni kuumiza mutu mara ya pili, na mara hii siyo mashini yenye ilifanya.

Wazee wetu wa Katanga watasema mambo hayakuwa hivi zamani. Tuliwasikia. Enzi ya Union Minière, na nyuma yake Gécamines, walikuwa wanasema kazi njo baba, kazi njo mama: kampuni ilikuwa na hospitali, masomo, unga wa kila mwezi, hata kiwanja cha mupira. Hatuliliriri ile dunia. Ilijengwa na wakoloni ili mufanyakazi asiwe na pahali pengine pa kukimbilia, na baba mwenye kukupa vyote anaweza pia kukunyanganya vyote. Ilipoanguka miaka ya 1990, na walipotoa watu zaidi ya 10.000 mwaka wa 2003 kwa ile waliita kuondoka kwa mapenzi, jamaa nyingi zilibaki bila dawa na bila masomo kwa mara moja. Wengi wetu ni watoto wa zile nyumba. Lakini neno moja lilikuwa wazi wakati ule: mutu akiumia, hakuna mwenye aliuliza ni wa nani. Jina la kampuni lilikuwa moja, na hospitali ilikuwa ya kampuni ile ile.

Leo jina si moja tena. Mwezi wa Novemba 2021, shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ la hapa kwetu walitoa ripoti kuhusu migodi mikubwa mitano ya kobalti, na walikuta 57% ya wafanyakazi hawakuandikwa na mugodi wenyewe, walipita katika sutretansi. Zaidi ya nusu! Kobalti yetu inaenda katika betri za magari ya dunia nzima, na mwenye aliibeba hana mutu mwenye atakubali kusema huyu ni wangu.

Na tuseme pia ukweli wenye haupendezi. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 ilisema kazi za sutretansi ziende kwa kampuni za Wakongomani, na siye vijana tulipiga makofi, kwa sababu tulisema mwisho franga zitabaki kwetu. Basi wenye wanamunyima kijana boni leo mara mingi ni bandugu zetu, wenye kusali nasi na kucheza nasi harusini. Hatuwezi kuendelea kusema kila ubaya unatoka kwa Wachina na Wazungu. Lakini kampuni kubwa nayo isifurahi haraka: njo yeye anachagua bei ya ile kazi, na anapochagua mwenye kuuza rahisi kuliko wote, anajua vizuri ni wapi yule mutu atakata. Atakata kwenye glove, kwenye kaske, na kwenye hospitali.

Sheria inasema nini? Hapa wengi wanadanganywa, basi tuende polepole. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, yenye ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inamulazimisha mwajiri kumutunza mufanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa na wakati wa ajali, hata kama kontra imesimama kwa muda kwa sababu ya ule ugonjwa. Ni deni la mwajiri, hapana sadaka. Tarehe ile ile ya 15 Julai 2016 ilitoka sheria ingine, namba 16/009, ya usalama wa jamii. Ile INSS ya wazee wetu, yenye ilianza mwaka wa 1961, ikageuka CNSS mwaka wa 2018. Kila mwezi kampuni inapashwa kupeleka CNSS 18% ya mushahara: 5% inakatwa kwa mufanyakazi, 13% inatoka kwa kampuni. Ndani ya ile 13%, kuna 1,5% yenye ni ya ajali na magonjwa ya kazi. Ile inalipwa na kampuni peke yake.

Tufanye hesabu, maana hesabu haichukii mutu. Mufanyakazi wa dola 200 kwa mwezi, 1,5% yake ni dola 3. Dola tatu! Kuna watu wanamaliza zaidi ya hapo ku terasi mbele jua halijazama. Kwa zile dola tatu, mutu akiumia kazini, au akiumia njiani akienda ama akitoka kazini, anapata haki ya matunzo, haki ya malipo ya siku zenye hawezi kufanya kazi, na kama mwili hautarudi kama zamani, malipo kulingana na kile alipoteza. Akikufa, mujane na watoto wanapata sehemu yao. Hiyo njo bei ya ule mukono wa ndugu yetu: dola tatu kwa mwezi zenye hakuna mutu alilipa. Na hata pale wanalipa, angalia vizuri. Kuna kampuni zinatangaza kwa CNSS mushahara wa dola 100 wakati mutu anapokea 200. Siku ya ajali malipo yanahesabiwa juu ya ile 100, na mutu anashangaa.

Watakuambia: "Wewe ni zhurnalie, mutu wa siku kwa siku, hizi sheria haziko zako." Ni uongo, na tunataka kila mumoja wenu aushike kwa kichwa. Sheria ya kazi inasema mutu wa siku kwa siku mwenye amesha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ile miezi haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Siku 22, bandugu. Kijana tuliyemutaja alikuwa na miezi saba. Kila jioni walifuta jina lake ku liste wakifikiri wanafuta na haki yake, lakini haki haifutwi na kalamu ya bleu. Na kutokuwa na karatasi ya kontra si kosa la mufanyakazi. Kazi inaweza kushuhudiwa kwa baji, kwa picha, kwa meseji za chefu, kwa majina ya wenye mulibeba pamoja.

Sasa tufike ku ile karatasi yenye tunaichukia kuliko zote. Wanaita desharji. Inafika wakati mutu amechoka: deni la hospitali linapanda, mwenye nyumba anagonga mulango, watoto wamefukuzwa masomo. Wakati ule njo mutu wa kampuni anakuja na sura ya huruma, na bahasha, na karatasi yenye imeandikwa Kifaransa cha tribinali: nimepokea vyote, sitadai tena kitu chochote, leo wala kesho. Dola 300. Mara ingine 500. Mutu anasaini. Ndugu yetu alipelekewa ile karatasi akiwa bado juu ya kitanda cha hospitali, na hospitali ilikuwa imekataa kumuachilia mbele deni halijalipwa. Hebu tuambiane: mutu mwenye amezuiliwa kitandani juu ya deni, anasaini kwa mapenzi yake? Hatumulaumu mwenye kusaini, na tunaomba muache kuwachekelea huko ku WhatsApp mukisema waliuza mukono wao rahisi. Wao hawakuuza. Walinunua mulango wa kutoka.

Ndani ya ile desharji njo utaona mwisho wa hesabu yote. Kama wangemutibu siku ya kwanza, ingekuwa picha ya radio, kushona, dawa, labda operesheni moja ndogo, na mukono mwenye unarudi kazini. Kwa kuchelewa, matunzo yaligeuka garama kubwa, lakini ile garama kampuni haikuibeba. Ilibebwa na mama mwenye kuuza mboga, na kanisa, na wajomba. Kampuni ilimaliza na bahasha.

Wenye kampuni wana majibu yao, na hatuwezi kujifanya hatuyasikie. Wanasema kuna vijana waongo, wenye kujikata ku nyumba na kuja kudai. Wako, ndiyo. Tunawajua hata. Lakini ukimutibu muongo, umepoteza picha ya radio na dawa za wiki moja, na franga zako unaweza kuzidai nyuma. Usipomutibu mwenye kusema kweli, amepoteza mukono, na hakuna tribinali yenye itamurudishia. Nani anastahili kubeba ile hatari ya kukosea? Mwenye kampuni, ama mwenye mukono?

Hospitali nazo zina neno. Munganga mumoja alituambia kampuni zinaleta boni, wagonjwa wanatibiwa, na fakture zinakaa miezi bila kulipwa. Ndiyo maana wanaomba kosio hata kwa mwenye boni. Tunaelewa. Ila tunawauliza waganga wetu: ile hasira juu ya kampuni, mbona inaanguka juu ya mugonjwa? Kumufungia mutu kitandani kwa sababu ya deni la mwingine, hiyo siyo kazi ya hospitali.

Na serikali? Katiba ya 2006 inasema kazi ni haki, inasema afya ni haki. Tunaheshimu wakaguzi wa kazi wenye wanafanya kazi yao bila gari, bila mafuta, mara ingine bila hata karatasi ya kuandikia. Lakini utaratibu wenyewe unachosha. Sheria inasema huwezi kufika mbele ya tribinali ya kazi mbele haujapita kwanza kwa enspekta kujaribu kupatanishwa. Kwa deni la mushahara, ni vizuri: watu wanakaa, wanasikilizana, wanaepuka avoka wa garama. Kwa mukono wenye unaoza, ni nini tunapatanisha? Tumeona konvokasio ya kwanza, kampuni haikuja. Ya pili, ikamutuma mutu mwenye hana haki ya kukata neno. Ya tatu, ikaomba muda kusoma faili. Ile miezi yote hakuna aliyeuliza kidonda kinaendelea namna gani.

Kwa hiyo tunachoomba ni kidogo na kinaeleweka. Mabishano yaendelee, hatukatai mutu ajitetee. Lakini yaendelee wakati mugonjwa yuko tayari mikononi mwa munganga. Kampuni kubwa zenye migodi ziweke katika kila mukataba wa sutretansi franga za kuzuia kule hospitali, mbele kazi haijaanza, ili mutu yeyote mwenye ameumia ndani ya mulango wao aingie bila boni na bila kosio. Nyuma yake wataulizana wenyewe kwa wenyewe nani anarudisha. Wana klinike ndani ya migodi, na magari ya wagonjwa mapya yenye kung'aa. Yatumike kwa kila mwenye anavuja damu pale, hata kama rangi ya baji yake ni ingine. Na baji ya mutu mwenye ameumia isizimwe. Hiyo haiombi sheria mupya, inaomba tu mutu mumoja ku kompyuta asiguse kitu.

Kwa CNSS ya hapa tunaomba kwanza dirisha moja, lenye mufanyakazi mwenyewe ama mama yake anaweza kuleta habari ya ajali na kupigiwa muhuri siku ile ile, hata kama kampuni imenyamaza. Halafu CNSS imufuate mwenye hakuandikisha watu wake. Leo mambo yanaenda kinyume: mwenye hakuandikishwa njo anafukuzwa ku dirisha, na mwenye hakumuandikisha anakaribishwa ku cha saa kumi. Tunaomba pia orodha ya kampuni za sutretansi zenye zinalipa CNSS ibandikwe ukutani, kila miezi mitatu. Mutu mwenye anatafuta kazi asome mbele hajaingia. Siye wenye bahasha za plastiki tutaisoma vizuri sana, tuna wakati.

Na hapa tunageuka kwetu siye. Kati yetu kuna wenye walisoma sheria, wenye walisoma uganga, wenye walisoma komunikasio, na diplome zinalala chini ya matela. Hatuna kazi, lakini tunajua kuandika barua. Tumeanza kufanya hivyo: Jumamosi mbili zilizopita tulikaa na wafanyakazi tisa, na saba kati yao hawakuwa na hata karatasi moja yenye kuonyesha waliumia. Siyo kwamba ni wajinga. Hakuna mwenye aliwaambia kwamba karatasi ya siku ya kwanza njo ina nguvu kuliko avoka wa mwaka wa pili.

Basi wewe mwenye unaenda kazini kesho, fanya hivi. Mutu akiumia, mumoja apige picha ya pahali, ya saa, ya kile kilimuumiza, na majina matatu ya wenye walikuwepo yaandikwe usiku ule ule. Mukifika kwa enfirmie wa mugodi, omuombe aandike saa na jina katika kitabu chake, na mupige picha ya ile ukurasa. Msiende kungoja boni ku nyumba; mwende hospitali ya serikali ama kituo chochote chenye kinawapokea, na mumuambie munganga wazi: niliumia kazini, tarehe hii, saa hii. Aandike vile. Barua mbili ziende kabla wiki haijaisha, moja kwa enspekta wa kazi, moja kwa CNSS, na kila moja kopi yake irudi na muhuri wa kupokea. Wakikataa muhuri, andika jina la mwenye alikataa. Ukienda kwa muzee wa mifupa, hatutakukataza, lakini enda kwa munganga kwanza. Na karatasi yoyote ya Kifaransa yenye haujaelewa, sema utaipeleka kwanza kwa ndugu yako asome. Ndugu yako njo siye.

Kuhusu kijana wa vidole viwili: barua yake iko kwa enspekta wa kazi tangu mwezi uliopita, yenye muhuri. Kampuni ndogo imeitwa kwa mara ya tatu. Tutakuwa mulangoni siku ile, bila kelele, bila kuchoma tairi, na kopi za faili mukononi. Mwenye anataka kutusindikiza atuandikie ndani, tutamuambia saa. Na mwenye aliumia kazini mwaka huu ama mwaka uliopita, hata kama alisha saini desharji, hata kama hana kontra, alete baji, dawa zenye zilibakia, karatasi za hospitali, chochote kile. Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Hatulipishi kitu.